Maharage ya Saa Kumi Alfajiri

Kila aliyekuja kwa Fundi kuchukua suruali yake alimwambia maneno yale yale: wewe bwana umeoa, sisi wengine tumeokota. Mke wake alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni iliyo nyuma ya kilima, mwanamke aliyelisha wanafunzi mia nne mara tatu kwa siku, na watu walikwisha kuamua kwamba mume wa mwanamke wa namna hiyo analala tumbo limemkaza. Fundi alikuwa anatoa pini mdomoni, anacheka kidogo, anasema, "Mungu hapendelei, ila kwangu alijisahau." Mteja akishatokomea njiani, Fundi anainuka kwenye cherehani, anavuka ua, anaingia jikoni na kukoroga chakula alichokuwa anapika mwenyewe.

Ilikuwa hivyo kwa miaka thelathini na mmoja. Tusiseme alikuwa mwongo. Hakuna aliyewahi kumuuliza nani anapika, na yeye si mtu wa kujibu ambacho hajaulizwa.

Boma lao halikuwa kubwa: nyumba ya vyumba vitatu, jiko la nje lenye paa la bati, banda la mbuzi watatu, matuta ya viazi na kabichi, na baraza ambapo cherehani ya miguu ilikaa mahali pamoja mpaka sakafu ikachimbika. Kipupwe cha huko hakina mzaha. Asubuhi nyasi zinaamka nyeupe, maji ya ndooni yanafunga utando wa barafu unaopasuka kama kioo, nguo zilizoanikwa jana zinasimama zenyewe. Ndiyo majira ambayo Fundi anashona sana, maana kila mtu anakumbuka kwamba koti lake linahitaji bitana siku ile ile meno yanapoanza kugongana.

Mke alikuwa anaondoka saa kumi alfajiri na kurudi magharibi, miguu imevimba. Wanafunzi walimwita Kamanda, na jina likavuka kilima likamfuata nyumbani. Alipoanza kazi, binti yao alikuwa na miaka mitano na mdogo wake wa kiume mitatu. Siku ya kwanza wakaamka, wakakuta nusu ya kitanda ni baridi, wakaangua kilio cha kuamsha wafu. Fundi akapika maharage na viazi, akawapakulia. Wakakataa. Tunataka cha Mama. Akabembeleza, akatisha, akacheza ngoma, hola. Basi akachukua zile sahani mbili, akatoka nazo, akasimama nyuma ya mlango akihesabu hadi ishirini, akarudi na sahani zile zile.

"Haya," akasema. "Hiki ndicho cha Mama. Aliwaachia alfajiri, nikakificha ili nile peke yangu."

Watoto wakalamba sahani.

Tangu siku hiyo, kila kilichopikwa mchana katika nyumba ile kilikuwa cha Mama, na maharage yakawa mfalme wa vyote. Fundi hakumwambia mkewe. Mwanzoni aliona haja ya kumwambia, lakini mama wa watu alikuwa anarudi amechoka, anavua viatu na kusinzia ameshika soksi, na haja ikapita. Siku hizi Fundi ni mpishi hasa, hata mimi naweza kusimama shahidi. Siku zile, tusimwonee, alikuwa fundi cherehani mwenye sufuria motoni, na mguu wake ukishashika kasi kwenye pedali, jikoni kulikuwa nchi nyingine.

Kamanda alistaafu kipupwe kilipoanza. Wakamfanyia sherehe, mwalimu mkuu akasoma hotuba ya kurasa nne ambamo chakula kilitajwa mara moja, na mwisho wakamkabidhi zawadi iliyofungwa kwa karatasi yenye maua: mwiko wake mwenyewe, ule wa kukorogea uji wa shule, mrefu kumfikia kidevuni. Aliubeba begani njia nzima kama askari anayerudi kutoka vitani. Haukuingia jikoni. Yaani uliingia, lakini mlango haukufungika tena, na upepo wa kipupwe ukapata njia.

"Baba watoto," akasema akifunga kanga kiunoni, "umeteseka vya kutosha. Kaa na uzi wako. Kuanzia leo jikoni kuna mwenyewe."

Fundi akashukuru kwa mdomo. Moyoni alijisikia kama mtu aliyenyang'anywa nyumba na kuachiwa kibaraza. Hakuwa na pa kulalamikia. Angeenda kumwambia nani kwamba mpishi mkuu amemfukuza jikoni?

Sasa, Kamanda alijua kupika. Hilo tusibishane. Tatizo ni kwamba alijua kupikia mia nne, na mle ndani walikuwa wawili. Vipimo vyake vyote alivibeba kichwani na havikuwa na udogo. Kwa mia nne ni vitunguu mia moja na ishirini. Kwa hiyo kwa wawili ni kitunguu kimoja kasoro. Akakata kitunguu, akapima kwa jicho, akaweka kile kipande kilichobaki juu ya kisahani kwa matumizi ya kesho. Chumvi ya mia nne ni makopo mawili. Ya wawili ikawa chembe ambazo ungeweza kuziita kwa majina. Maji nayo akayagawa vivyo hivyo, wakati moto haukugawanywa, na chakula kikakauka kabla hakijajua kinapikwa. Siku ya tatu akakata tamaa na udogo, akatoa sufuria la kuogeshea watoto, akapika jinsi anavyojua. Majirani wakala, mbuzi wakala. Mbuzi wakanawiri mpaka mmoja akashindwa kupita kwenye kijilango chake.

"Kimeivaje?" alikuwa anauliza.

"Kimeiva," Fundi anajibu. Na kweli kilikuwa kimeiva, hapo hakutia chumvi.

Mambo yangekwenda hivyo hadi mbuzi wapasuke, kama binti asingepiga simu. Ilikuwa Jumapili mchana. Kamanda alikuwa anakanda unga wa mkate, mikono imejaa, kwa hiyo simu ikawekwa mezani kwa sauti kubwa. Fundi alikaa karibu na moto akitia bitana koti la mwalimu mkuu.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Baba."

"Marahaba," wakaitikia pamoja. Kamanda akaongeza, "Mbona sauti imelegea hivyo?"

"Nimetoka zamu sasa hivi." Binti alikuwa nesi kwenye mji wa mbali, na watoto wake wawili walikuwa bado wadogo. "Sikilizeni, nimepata siku nne. Watoto watabaki na baba yao. Mdogo wangu atanipitia na lori lake, tunakuja wote. Ila Mama, nina ombi moja."

"Sema, mwanangu."

"Yale maharage uliyokuwa unatuachia alfajiri ukienda kazini. Nataka unifundishe, hatua kwa hatua. Nimejaribu kila namna, hayawi."

Mikono ya Kamanda ikasimama ndani ya unga. Macho yake yakainuka taratibu yakamtafuta mumewe. Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

"Maharage ya alfajiri," akasema Kamanda.

"Ehe. Hivi uliwezaje, Mama? Unaamka saa tisa, unatupikia, halafu unakwenda kupikia mia nne. Mimi wawili tu wamenishinda. Mwaka mzima sasa naamka saa tisa na nusu niwapikie kabla ya zamu, mpaka juzi nimesinzia nimesimama kwenye basi. Baba yao kila siku ananiambia niache, apike yeye. Namwambia hapana, Mama yangu aliweza. Haya, naitwa, tutaonana Ijumaa."

Simu ikakatika. Kuni ikapasuka jikoni. Kamanda akafuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Maharage gani?"

"Yale... ya siku zile."

"Siku zile mimi nilikuwa naondoka hapa hata jogoo hajajikuna. Hata chai nilikuwa sinywi."

Fundi akaona hakuna pa kujificha. Akasimulia yote: kilio, sahani mbili, kuhesabu hadi ishirini nyuma ya mlango. Alisimulia akitazama bitana. Alipomaliza alisubiri mwiko, na kwa urefu wa mwiko ule hakuwa amekaa mbali vya kutosha.

Kamanda akakaa juu ya debe.

"Na walikuwa wanakula?"

"Wanalamba sahani."

"Wakidhani ni changu."

"Wakijua ni chako. Hawakuwahi kudhani."

Akajifuta uso kwa kiganja cha unga, shavu likabaki jeupe. Alikuwa analia, na alikuwa anafurahi, vyote kwa pamoja, na aliona aibu ya vyote viwili. "Miaka yote ile," akasema, "nimewapa wale mia nne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulamba." Kisha akavuta pumzi, Kamanda akarudi mahali pake. "Ijumaa ni siku tano. Utanifundisha."

Hapo ndipo ilipotakiwa mmoja wao akumbuke lile la kusinzia kwenye basi. Kamanda alisikia sifa tu. Ukingoja miaka thelathini na mmoja kusifiwa, masikio hayabakizi nafasi ya kitu kingine. Fundi alisikia yote mawili, akaona la basi ni zito, akalikunja na kuliweka pamoja na vitambaa vya kushonwa baadaye.

Mafunzo yakaanza Jumatatu. Mwanafunzi mbaya kuliko aliyezoea kuamuru sijamwona. Fundi akisema weka kitunguu, anaulizwa gramu ngapi. Akisema koroga, anaambiwa namna yake ya kushika upawa ni ya mtu anayepaka chokaa. Akisema maji mpaka hapa, akionyesha kwa kidole, Kamanda anataka kujua kidole cha nani.

"Cha kwangu."

"Na siku usipokuwepo?"

"Nitakuachia kidole."

Lakini yule mama si wa kushindwa. Jumatano akaacha kugawanya. Alhamisi akaonja, akafumba macho, akasema, "Sasa nimeelewa," na Fundi alipoonja akaona mke wake amempita. Yalikuwa maharage laini, mchuzi mzito, viazi vimeshika umbo lake lakini vinakatika kwa ulimi. Ilimuuma kidogo. Akala sahani mbili ili apate uhakika kwamba inamuuma.

Ijumaa mchana lori likaguruma langoni. Dereva akashuka wa kwanza, kijana aliyejaa mlango mzima, akaamkia huku pua yake ikielekea jikoni. Dada yake akashuka polepole. Alikuwa amekonda, na chini ya macho alikuwa na vivuli ambavyo pilikapilika za safari peke yake haziwezi kuvileta. Kamanda akamkumbatia, akahisi mifupa ya mabega, akasema, "Utakula."

Walikaa jikoni, maana ndipo palipokuwa na joto. Kamanda akapakua mwenyewe. Hakukaa. Alisimama na upawa mkononi kama siku za ukaguzi, akiangalia midomo.

Dereva alikula sahani tatu bila kuinua kichwa. Binti alikula kijiko kimoja, akatulia, akala kingine. Akatabasamu.

"Matamu sana, Mama."

"Lakini siyo yale," akasema dereva.

Akapigwa teke chini ya meza. Akalipokea teke kama mtu asiyejua limetoka wapi, akaendelea. "Ni matamu kuliko yale, Mama, nasema kweli. Ila yale yalikuwa na kitu. Yalikuwa na kamoshi."

"Sikutaka kusema," binti akasema taratibu, "lakini ni kweli. Yalinukia kama koti la Baba likikaa karibu na moto. Nyumbani kwangu nimejaribu mpaka kuni, Mama. Unatia nini?"

Kamanda akateremsha upawa. Kichwa chake kiligeuka polepole mpaka kikamfikia mumewe, na mumewe alikuwa amepata shughuli ya kuhesabu kuni.

Watoto walipokwenda kuwaona mbuzi, akamwita.

"Fundi."

Alikuwa anamwita baba watoto tangu walipopata watoto. Fundi akajua leo ni leo.

"Ulikuwa unaunguza."

"Kidogo."

"Kidogo mara ngapi?"

"Siku hazilingani. Kazi ikikolea, unajua tena, pedali..."

"Kwa hiyo," Kamanda akasema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko kawaida, ambayo ndiyo hatari yake, "wanangu wamekua, wakaoa, wakaolewa, wakiamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa naunguza."

Fundi akaziacha kuni. Hakuwahi kulitazama jambo upande huo. Nami nitalisema, kwa kuwa yeye hakulisema: aliwapa watoto maharage yale kwa jina la mama yao kwa sababu aliwapenda, na pia kwa sababu yalikuwa yameungua. Ukimpa mtu mwingine sifa ya chakula, na lawama yake anaibeba yeye.

Kamanda akakaa tena juu ya debe. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuunguza sufuria. Aliwahi kumwondoa msaidizi wake kwenye jiko na kumpeleka kuosha vikombe muhula mzima kwa ajili ya uji ulioshika chini. Jina lake lote lilisimama juu ya jambo hilo moja. Na sasa alikuwa na njia mbili: aunguze kwa mkono wake, amkabidhi binti maharage aliyoyafuata, na abaki mama aliyepika alfajiri, au aseme ukweli, na asiwe amewaachia kitu.

"Kesho saa nne," akasema. "Nitaunguza."

Kesho yake ukungu ulikuwa umelala mpaka madirishani. Binti akatumwa akachimbe viazi, pole pole, asiharakishe. Kamanda akabandika maharage, akasubiri yakauke. Yalipoanza kushika chini, mkono wake ukaruka wenyewe na upawa, ukakoroga.

"Acha," akasema Fundi.

"Nimeacha."

Akaacha. Mkono ukarudi. Akaukamata kwa mkono mwingine, na ule mwingine ukakoroga. Aliongeza maji bila kujua ameongeza. Mara ya tatu akauma meno, machozi yakamtoka, akasema siwezi, baba watoto, ni kama kumfinya mtoto.

"Huwezi kuunguza ukiwa unaangalia," Fundi akasema kwa huruma ya mtaalamu. "Hakuna anayeweza. Njoo huku."

Akamkalisha kwenye cherehani, mbele ya koti la mwalimu mkuu, akamwonyesha pindo. "Kanyaga. Usifikirie jikoni." Kamanda akakanyaga. Pindo likaanza sawa, likapinda, likaenda kuwasalimia vifungo, likarudi. Cherehani ikashika sauti yake, tititititi, na baada ya muda harufu ikavuka ua. Kwanza nyembamba. Kisha ya kweli. Kamanda akainuka nusu. Fundi akamwekea mkono begani. Akakaa, akakanyaga kwa nguvu zaidi, uso umemkunjamana kama mtu anayeng'olewa jino.

Binti akatokea kwenye kona ya nyumba na karai la viazi. Akasimama. Akanusa, akasikiliza, karai likateremka mpaka likagusa ardhi.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Mama, ndiyo yenyewe hii. Na hiyo sauti."

Akakaa kwenye ngazi ya baraza, akaegemea nguzo, na bila kujizuia akaanza kulia. Si kilio kikubwa. Kilikuwa cha mtu aliyechoka aliyepata mahali pa kukaa.

"Uliwezaje, Mama? Niambie tu. Mimi nikiamka saa tisa na nusu mikono inatetemeka. Nimemkosea mgonjwa dawa wiki iliyopita, ilibakia kidogo tu ameze, mwenzangu ndiye aliyeona. Halafu najiambia, Mama alikuwa na kazi kubwa kuliko yangu, na hakuna siku tuliyoamka tukakosa chakula chake. Una nini ambacho mimi sina?"

Mguu wa Kamanda ukasimama juu ya pedali. Safari hii alisikia yote. Fundi naye alisikia, na uongo wake mdogo wa sahani mbili, aliokuwa akijisifia kimoyomoyo kila kipupwe, akaona umetembea mpaka wapi. Aliona aibu hasa, ya kutaka kuingia chini ya cherehani.

Kulikuwa na jibu jepesi. Nilizoea, mwanangu. Maneno mawili, na jina lingebaki, na maharage yangebaki. Kamanda alimwangalia binti yake, mabega yale.

"Sikuweza," akasema.

"Hukuweza nini?"

"Sikuwapikia. Hata siku moja. Nilikuwa natoka hapa gizani nimewaacha mmelala, sikuwaachia hata punje. Ukitaka kujua aliyekuwa anapika, ni huyo hapo mwenye pini mdomoni. Aliwaambia ni mimi ili mle." Akavuta kamasi. Kisha kitu kingine kikampanda, kikubwa kuliko huzuni. "Na kuunguza alikuwa anaunguza yeye! Mimi katika maisha yangu sijaunguza sufuria, sikia hivyo, na mwambie na mdogo wako!"

Binti akamtazama baba yake. Fundi akatoa pini.

"Mlikuwa mnalia," akasema. "Niliona mtakufa na njaa kwa ujinga. Sikujua uongo wangu utaubeba mpaka ukubwani, mwanangu. Nisamehe."

Mbuzi akalia bandani. Halafu binti akaanza kucheka huku bado analia, akajipangusa kwa mikono yenye udongo, uso ukawa shamba. "Mwaka mzima," akasema. "Mwaka mzima nashindana na Baba!"

"Jamani kuna kitu kinaungua!" dereva akapiga kelele kutoka uani, na alipofika sahani ilikuwa tayari mkononi.

Yalikuwa yameungua vibaya kuliko yote yaliyowahi kuungua. Wakayala yakaisha. Kamanda peke yake hakula. Alikaa pembeni akikwangua sufuria kwa mchanga, akitukana chini chini. Kesho yake binti alilala mpaka saa saba mchana, na mama yake alikaa nje ya mlango wa chumba na mwiko magotini, akimnyamazisha kila apitaye, wakiwemo mbuzi.

Wiki moja baada ya wao kuondoka, simu ikawekwa tena juu ya meza.

"Siku hizi anapika baba yao," binti akasema. Sauti ilikuwa imekaza. "Naamka saa kumi na moja, nakuta chai. Jana kapika maharage."

"Yameungua?" akauliza Kamanda haraka.

"Kidogo."

"Na umewaambia watoto kapika nani?"

"Nimewaambia ni yeye."

Fundi akaacha kushona. "Wakasemaje?"

"Wamelamba sahani, Baba."

Fundi akatazama sindano yake kwa muda. Kwa hiyo ingewezekana. Siku ile nyuma ya mlango angehesabu hadi ishirini, angerudi na kusema ni changu hiki, kuleni, na pengine wangekula. Hakuwahi kujaribu. Kamanda alimwona. Alifungua kanga kiunoni, akamtupia mapajani, akaenda kukaa penye jua.

Mwalimu mkuu alikuja Jumatatu kuchukua koti. Akalivaa, akajitazama, akashika pindo lililokuwa linapanda na kushuka.

"Fundi. Hili pindo vipi?"

"Hilo kashona mama watoto."

Mwalimu mkuu akacheka sana. "Wewe na utani wako. Na chakula basi anapika nani, wewe?"

"Mimi. Miaka thelathini na mmoja."

"Bwana we, umeoa, sisi tumeokota, halafu bado unatufanyia mzaha..." Akanusa. Akageuka kutazama jikoni, ambako moshi mweusi ulikuwa unatoka kwa raha zake, kisha akamtazama Kamanda aliyekuwa amekaa penye jua, mikono imekunjwa, uso mbele.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, "hayo si yako?"

"Mwalimu," akajibu Kamanda, "unanijua."

Mwalimu mkuu akamgeukia Fundi, akamtazama juu mpaka chini kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Lakini Fundi alikuwa ameshavuka ua, anakimbia.